Hisa, Mipaka na Akiba ya Askari

Ndugu msomaji, neno hisa, ambalo zamani lilikuwa la wakubwa wa benki na mawakili, sasa limekwisha kuingia majumbani mwetu. Utalisikia Buyenzi vibarazani, utalisikia Ngagara na Musaga, na hata kambini, askari wanapokunywa chai, hakosekani mmoja mwenye simu ya kuwaonyesha wenzake bei za soko la hisa la Nairobi au la Dar es Salaam. Jambo hilo si baya hata kidogo. Mtu mwenye mshahara mdogo anayetaka akiba yake izae anastahili kusifiwa. Lakini katika mazungumzo hayo nimesikia aghalabu swali moja tu: je, kampuni hii inapata faida? Swali la pili, ambalo kwa nchi kama zetu huenda ndilo lenye uzito zaidi, husahauliwa. Nalo ni hili: ni nani awezaye kuizuia faida hiyo isimfikie mwenye hisa, hata kama kampuni yenyewe haikukosea katika biashara yake?

Katika makala haya nakusudia kulizungumza swali hilo kwa lugha ya nyumbani, maana watu wa fedha wakilizungumza hulifunika kwa maneno mazito. Wao huziita nchi zetu masoko yanayoinukia, na hatari ninayoisema huiita hatari ya siasa za mataifa. Maana yake ni nyepesi. Duka laweza kufa kwa sababu mwenye duka ni mvivu. Hiyo ni hatari ya biashara. Duka hilo hilo laweza kufa kwa sababu barabara imefungwa, leseni imeondolewa, fedha imeshuka thamani kwa tangazo la siku moja, au nchi mbili zimenuniana. Na hapo bidii ya mwenye duka haisaidii kitu. Daftari la kampuni hukueleza hatari ya kwanza. Ya pili haimo daftarini, nawe huna budi kuitafuta mwenyewe.

Mfano wa kwanza hatuna haja ya kuufuata mbali. Si mwendo mrefu kutoka hapa Bujumbura, katika vilima vya Gakara, kuna madini adimu ambayo hutumika kutengeneza sumaku zenye nguvu, zile za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Wabelgiji waliyachimba tangu miaka ya 1940. Katika zama zetu, kampuni iitwayo Rainbow Rare Earths ilijiandikisha katika soko la hisa la London mwezi Januari 2017, na kabla ya mwaka huo kwisha ikaanza uchimbaji Gakara. Kampuni ilikuwa na asilimia 90 ya mradi na Serikali yetu asilimia 10. Kampuni ya Ujerumani, ThyssenKrupp, ilikuwa imekubali kuwa mnunuzi. Mtu aliyekaa London akasoma karatasi hizo aliona mambo mazuri matupu: madini yenye ubora wa juu, mnunuzi yuko tayari, na dunia inayahitaji.

Mwezi Aprili 2021 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa madini hayo kwenda nje, na kati ya mwaka huo huo uchimbaji nao ukasimamishwa. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba mikataba ya madini haikuipa nchi haki yake, nayo ilitaka mapatano mapya. Tangu siku ile ubora wa madini haukuwa na maana tena kwa mwenye hisa. Madini hayakupungua hata gramu moja. Yalikuwa pale pale ardhini. Kilichobadilika ni sahihi iliyokuwa chini ya karatasi.

Hapa yanipasa kusimama kidogo, maana najua gazeti hili husomwa na watu wanaoilinda nchi hii, nami mwenyewe nakula mshahara wa Serikali. Sisemi kwamba nchi ilikosea. Nchi ina haki ya kuuliza udongo wake unauzwa kwa bei gani, na raia mwema hafurahii kuona malori yakitoka na nchi ikibaki na mashimo. Lakini jambo moja laweza kuwa haki kwa raia na likawa hasara kwa mwenye hisa, na mtu huyo huyo mmoja aweza kuwa raia na mwenye hisa kwa wakati mmoja. Anayetaka kununua hisa hana budi kuyatenganisha mawili haya moyoni. Akiuliza tu nani ana haki, atapima kama mwanasiasa. Lililo muhimu kwa mfuko wake ni kama ugomvi waweza kutokea, na ukitokea, yeye atasimama upande gani wa mlango.

Majirani zetu Watanzania wameyaona hayo kwa kipimo kikubwa zaidi. Kampuni ya Acacia, ambayo hisa zake ziliuzwa London, ilikuwa na migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mwezi Machi 2017 Serikali ya Rais Magufuli ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiwa Dar es Salaam. Mwezi Julai mwaka huo kampuni ikapelekewa madai ya kodi, pamoja na riba na adhabu, yaliyofika dola bilioni 190 za Kimarekani, yaani zaidi ya mara tatu ya pato la taifa zima la Tanzania kwa mwaka. Hisa zake zikaporomoka. Mwisho wake ulikuwaje? Mwezi Septemba 2019 Barrick, iliyokuwa na sehemu kubwa ya Acacia, ilinunua hisa za wenzake wadogo na jina la Acacia likatoweka sokoni. Kisha ikaundwa Twiga, ambamo Serikali ilipata asilimia 16, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300. Tazama vizuri, ndugu msomaji: Serikali ilipata chake, Barrick ikabaki na migodi, uchimbaji ukaendelea. Aliyeumia zaidi ni yule mwenye hisa chache aliyeuza kwa hofu katikati ya ugomvi, maana yeye hakuitwa mezani.

Lakini wacha nirudi Gakara, kwa kuwa kuna funzo la pili ambalo watu hawalitaji. Kampuni ile ya London haikufa mradi wake wa Burundi uliposimama. Mwishoni mwa 2020, yaani miezi michache kabla ya zuio, ilikuwa imekwisha kushika mradi mwingine huko Phalaborwa, Afrika Kusini, na huko ndiko ilikohamishia nguvu zake. Laiti ingekuwa na Gakara peke yake, mwenye hisa angebaki na karatasi ya kufungia karanga. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za kampuni yoyote ya nchi zetu, mimi humwuliza kwanza: ina miguu mingapi, na yote imesimama katika shamba la nani?

Hatari ya kufungiwa leseni huonekana, maana hutangazwa redioni. Iko nyingine iendayo kimya kimya, nayo ni ya fedha isiyoweza kuvuka mpaka. Sote twaijua Brarudi, kiwanda cha vinywaji kilichoko mjini petu tangu miaka ya 1950. Zaidi ya nusu ya hisa zake ni za Heineken ya Uholanzi, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni za Serikali. Wanunuzi wa Primus na Amstel hawakupungua. Kila mwenye baa atakuambia kwamba tatizo lake katika miaka hii limekuwa kukosa kreti, si kukosa wateja. Kiwanda chahitaji fedha za kigeni ili kiagize malighafi, na fedha za kigeni zimekuwa haba. Basi fikiri: ikiwa kampuni kubwa namna ile, yenye soko lake lote, yapata taabu kugeuza faranga kuwa dola ili inunue kimea, mwenye hisa mdogo aliyeko nje atapataje gawio lake?

Tena lipo suala la thamani yenyewe. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilibadili kiwango cha faranga, na dola iliyokuwa karibu faranga 2,100 ikawa karibu faranga 2,800. Aliyekuwa na faranga milioni moja katika akiba alilala na dola 480 hivi, akaamka na dola 360 hivi, bila mwizi kuingia nyumbani. Nasema kwa kiwango cha benki. Kile cha pembeni kila mmoja anakijua, na mwaka 2025 kilikuwa zaidi ya mara mbili ya cha benki. Kampuni yaweza kutangaza faida iliyopanda kwa asilimia 20 katika faranga, na mwenye hisa anayehesabu kwa dola akawa amepata hasara. Ndiyo maana ukisoma habari za faida, soma pia ni faida ya fedha gani.

Wazazi wetu wanayo kumbukumbu kali kuliko zote. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Julai 1996, nchi jirani zilikutana Arusha, na kufikia mwisho wa mwezi ule zilikwisha kuamua kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Vikwazo vile vilidumu hadi Januari 1999. Mama yangu mpaka leo akisimulia bei ya chumvi na sukari ya miaka ile, na jinsi petroli ilivyouzwa kwa chupa, hushusha sauti kana kwamba mwenye duka bado yu nyuma ya mlango. Hakuna kampuni ya Bujumbura iliyokuwa imetenda kosa la kufungiwa barabara ya Dar es Salaam au ya Mombasa. Nchi isiyo na bahari hukodi bahari ya mwenzake, na kodi yenyewe hulipwa pia kwa siasa. Katika miaka yetu tumeona mpaka wa Rwanda ukifungwa, ukafunguliwa, kisha ukafungwa tena tarehe 11 Januari 2024. Wenye biashara iliyotegemea njia ile walilala matajiri wa bidhaa, wakaamka wakitafuta njia nyingine.

Baada ya kuyasoma haya mtu aweza kusema: basi tusinunue hisa kabisa, tuchimbie fedha zetu chini ya kitanda. La hasha. Hatari haikimbiwi yote, hupimwa. Na kupima kwenyewe kunataka utulivu, kwa sababu kishindo cha habari na ukubwa wa hasara havilingani kila mara.

Chukua mfano wa ng'ambo ya Rusizi. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23, na mwezi Februari ukafuata Bukavu. Wakimbizi walivuka kwa maelfu na kuingia kwetu. Wengi wenu mlio katika jeshi na polisi mliwaona kwa macho yenu pale Gatumba. Benki za miji ile zilifunga milango. Sasa, Equity ya Kenya, ambayo hisa zake zipo katika soko la Nairobi, ina benki kubwa nchini Kongo iitwayo Equity BCDC, na KCB nayo ilinunua sehemu kubwa ya benki ya TMB mwezi Desemba 2022. Mtu aliyekaa Bujumbura, anayesikia habari za vita kila saa, angeapa kwamba hisa za benki zile zimekwisha kuwa majivu. Lakini Kongo si Kivu peke yake. Biashara kubwa ya benki hizo iko Kinshasa na katika miji ya migodi ya Katanga, na Kenya kwenyewe ziko kazi zao nyingine. Matawi ya Goma na Bukavu kufungwa ni pigo, wala silipuuzi. Ila ni pigo la kidole, halikufika kifuani. Swali la kuuliza ni hili: katika kila shilingi 100 za faida ya kampuni, ni shilingi ngapi hutoka mahali penye moto? Jibu limo katika taarifa ya mwaka ya kampuni, na kampuni zilizo katika soko la hisa hulazimika kuitoa hadharani.

Na tusijisahau. KCB na CRDB ya Tanzania zilifungua benki zao hapa Bujumbura mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Dodoma mwenye hisa za CRDB anamiliki chembe ya jengo tunalopanga foleni. Mwaka 2015, mji wetu ulipotikisika, yeye ndiye aliyekuwa akisoma gazeti na kujiuliza kama Burundi itamla akiba yake. Sisi tulikuwa hatari katika daftari lake. Benki zile hazikufunga, na zipo mpaka leo. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila nikisikia mtu hapa akisema kwamba nchi fulani imekwisha kuharibika na hakuna chema kitakachotoka huko.

Kutabiri nako kuna aibu zake. Mwanzoni mwa 2008 Kenya ilikuwa imetoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari, na mwezi uliofuata hisa za Safaricom zikaanza kuuzwa kwa wananchi kwa shilingi 5 kila moja. Waoga walisema Kenya italipuka tena. Kenya haikulipuka, lakini hisa zile zilishuka hata chini ya shilingi 3, na kilichochangia sana kuziangusha ni msukosuko wa mabenki ya Marekani uliotikisa masoko ya dunia nzima! Walioziweka mpaka 2021 waliziona zikipita shilingi 40. Kwa upande wa pili, wapo waliodhani nchi kubwa haiwezi kufungwa. Mwezi Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, soko la hisa la Moscow lilisimama kwa karibu mwezi mzima, na mwezi Machi shirika la MSCI, ambalo vipimo vyake hufuatwa na mifuko mingi ya uwekezaji, likaziondoa hisa za Urusi katika kipimo cha nchi zinazoinukia kwa bei iliyo sawa na sufuri. Gazprom haikuwa imeishiwa gesi. Mwenye hisa aliyeko nje hakuwa na mlango wa kutokea, basi.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Mume wa dada yangu ni askari, naye alitumikia Somalia, ambako vikosi vyetu vilianza kwenda mwezi Desemba 2007. Alirudi na akiba ya dola ambayo kwa nyumba kama zetu ni fedha ya mara moja katika maisha. Dada alitaka wanunue kiwanja. Yeye alitaka hisa, na hasa za kampuni moja ya migodi ambayo rafiki yake kambini alimsifia. Wakaniita niwasikilize, maana nyumbani huniita Mwalimu ingawa chaki niliiacha kitambo na sasa nakaa ofisini.

Nilimwomba shemeji achukue karatasi aandike kila kitu kinachoiletea nyumba yake fedha, na mbele ya kila kimoja aandike ni nani awezaye kukisimamisha. Akaandika mshahara: Hazina ya Serikali. Akaandika duka la dada: bidhaa zatoka Dar es Salaam kupitia Kobero, nazo hulipiwa fedha za kigeni. Akaandika akiba katika chama cha kukopeshana: faranga. Akaandika nyumba: mpangaji ni mtumishi wa Serikali, hulipa akilipwa. Kisha akaandika ile kampuni ya migodi, ambayo mgodi wake pekee ulikuwa humu humu nchini. Akanyamaza, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

Vyote vilikuwa vimening'inia katika msumari mmoja. Hili ndilo jambo ambalo sisi tunaokula mshahara wa Serikali tunapaswa kulitazama kuliko mtu mwingine yeyote. Mfanyabiashara wa London akinunua hisa za Burundi na mambo yakaharibika, hupoteza hisa zile. Mshahara wake uko pale pale. Askari wa Burundi akinunua hisa hizo hizo, siku mambo yatakapoharibika hisa zitashuka, bei za duka zitapanda, faranga itapungua, na huenda naye atakuwa mstari wa mbele. Hisa ni ile ile na bei ni ile ile, lakini hatari ya mmoja ni mara tatu au nne ya mwenzake.

Shemeji hakuhitaji kuelezwa sana, kwa sababu jambo hilo lilikwisha kumgusa. Mwaka 2016, baada ya Umoja wa Ulaya na Serikali yetu kuhitilafiana juu ya mambo ya 2015, fedha ambazo Umoja ule ulikuwa ukitoa kwa posho za askari wa AMISOM zilikwama kwa sababu ya ugomvi wa njia ya kuzipitishia. Posho za askari wetu zilichelewa kwa miezi, hadi mapatano yalipopatikana mwanzoni mwa 2017. Askari alikuwa handakini Somalia akitimiza wajibu wake, na karo ya watoto Bujumbura ilikuwa ikisubiri wakubwa wapatane Brussels. Wakati ule dada aliendesha nyumba kwa ndagala za mkopo. Kama akiba yao yote ingekuwa katika kitu kilichotegemea ugomvi ule ule, wangeuza nini?

Mkulima wa Imbo hupanda mihogo kando ya maharage, si kwa sababu anajua mvua itakosekana, bali kwa sababu mimea hiyo haifi siku moja. Nadhani kupima hatari za siasa kwa nyumba ya askari kwafanana na hilo. Huna haja ya kujua vita itatokea au haitatokea. Wakuu wenye majeshi na majasusi nao hawajui. Jiulize tu: kitu hiki nitakachonunua, kitakufa siku ile ile mshahara wangu utakapokwama, au siku nyingine?

Dada, ambaye hakubali jambo kwa haraka, aliuliza: "Mwalimu, basi wataka tuzitie fedha zetu mahali tusipopajua?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu. Nilimweleza kwamba ugeni nao ni hatari, na kwamba kampuni ya nchi ambayo husikii hata habari zake redioni ni bora uiache. Tukaitazama Dar es Salaam, kisha tukaona kuwa duka lake tayari laitegemea Dar es Salaam; na mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilikatwa kule kwa siku kadhaa, hata mtu aliyetaka kuuza hisa zake kwa simu asingeweza. Tukaitazama Nairobi. Kenya nayo ina maandamano yake na chaguzi zake, ila msumari wake ni mwingine.

Kiwanja nacho hakikuachwa. Baadhi ya watu husema ardhi haina hatari ya siasa, nami nashangaa usemi huo kusemwa Burundi. Waliokimbia mwaka 1972 na wale wa 1993 walirudi wakakuta wengine wamejenga, na nchi ikalazimika kuunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006 ili kusuluhisha. Ardhi haivuki mpaka pamoja na mwenyewe. Hata hivyo huwapa watoto mahali pa kulala, jambo ambalo hisa haziwezi.

Mwishowe walipatana hivi: sehemu kubwa ikaenda kwenye kiwanja na kuongeza bidhaa za dukani, sehemu nyingine ikabaki benki kwa ajili ya karo za miaka miwili, na sehemu ya kumi tu ndiyo iliyotengwa kwa hisa za Nairobi, za kampuni mbili zisizofanya kazi ya aina moja. Kipimo cha sehemu hiyo ya kumi hakikutoka kitabuni. Tuliuliza ikipotea yote, hata senti isirudi, je, kuna mtoto atakayetolewa shuleni? Dada alisema hapana, ndipo tukaishia hapo. Kuhusu ile kampuni ya migodi, shemeji bado hajaridhika, na kila nikimtembelea hunionyesha bei yake katika simu. Huenda siku moja itapanda anicheke. Bei yenyewe ni ndogo kwa sababu wengine wameiona hatari ile ile tuliyoiona sisi, na hatari ikikwisha, aliyenunua kwa bei ya woga hupata. Mwenye mishahara miwili isiyotoka Serikalini aweza kujaribu.

Makampuni makubwa yana njia ya kujikinga ambayo sisi hatuna. Hununua bima ya hatari za siasa. Lipo shirika la Benki ya Dunia liitwalo MIGA kwa kazi hiyo, na hapa Afrika lilianzishwa mwaka 2001 shirika la bima ya biashara lenye makao Nairobi, ambalo Burundi ilikuwa miongoni mwa wanachama wake wa kwanza. Mwenye hisa 200 hauziwi bima hiyo. Bima yake ni udogo wa fungu alilotoa.

Kabla ya kutuma fedha, ulizeni benki yenu juu ya sheria za fedha za kigeni, kwa kuwa kuzitoa nchini kuna taratibu zake, na kuzirudisha pia. Hakikisheni wakala wa hisa ana leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yake. Orodha hutangazwa, na anayesema haihitajiki ni mwongo. Tena ipo fomu ya kufungulia akaunti, na ndani yake mara nyingi pana mstari wa kuandika mrithi. Askari wengi huuacha mtupu, ama kwa haraka ama kwa kuogopa kujitabiria kifo. Dada yangu aliushikilia mstari ule mpaka ukajazwa mbele yake. Nambari ya akaunti, jina la wakala na simu yake viliandikwa katika daftari lile lile la karo za watoto, na daftari linakaa kwake, kabatini, chini ya sare za shule.